Mwalimu na Binti Asiye wa Mfalme

Ulikuwa mwaka wa ugali wa semolina. Aliyekuwa London mwaka ule hahitaji kuelezwa zaidi. Korona imefunga milango, sembe imekwisha kwenye maduka yote ya Barking, na unga wa ngano watu wameubeba kama wanaohamia porini. Tukasonga semolina. Ukiusonga unavutika kama ulimbo, ukiumeza unakaa kifuani unakungoja uombe radhi. Wajukuu zangu walikula tambi asubuhi na jioni, mpaka yule mdogo akauliza kama mchele nao umekufa. Na kule Neasden, Mwalimu alikula dengu. Dengu mchana, dengu jioni, siku nenda siku rudi, na kila akimaliza sahani alisema, "Mama Neema, wafalme wa zamani walikula vibaya kuliko hivi. Nimeona."

Mwaka huo ndio Mwalimu alipomfukuza Mwenyekiti akiwa dirishani. Nitafika huko.

Kwanza niseme nisichokisema. Sitasema Mwalimu alizaliwa wapi, wala baba yake aliuza nini, wala ukoo wao ulitoka kijiji gani cha Bara Hindi. Miaka kumi na moja nimemwogesha mgongo, na hayo sikumwuliza. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kutafuta baba wa mtu mwingine, ukimwuliza ya baba yake alikukazia macho mpaka ukaanza kufuta meza ambayo haina vumbi. Alikuwa Mhindi aliyefundisha historia Tanga, kisha akaifundisha London mpaka akastaafu, basi. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, cha zile barabara zinazohesabiwa kwa namba, na akitukana, alitukana kwa ufasaha.

Mimi shule niliishia darasa la nne, Muheza. Anayetaka maneno yaliyopigwa pasi akatafute kwingine. Nilikuja nchi hii kulea wajukuu, wa kwanza wakakua, nikaingia kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Napanda treni Barking, nabadilisha West Ham, nashuka Neasden, natembea. Siku ya kwanza alifungua mlango mwenyewe, kibibi kifupi, sari ya kijani, raba za michezo miguuni na kofia ya sufu ya mpira wa miguu kichwani.

"Wewe ndiye umeletwa kuniogesha?"

"Ndiyo, mama."

"Unatoka wapi?"

"Muheza."

Akanitazama kama mtu aliyeokota shilingi. "Mimi si mama yako. Mimi ni Mwalimu. Ingia, funga mlango, baridi inaingia bila kubisha hodi."

Sebuleni kwake hapakuwa na picha ya mume wala ya mtoto. Palikuwa na picha ya jiwe. Jiwe jeusi, refu, limechongwa majani na vichwa vya simba, na pembeni maandishi yanayozunguka. Nikadhani ni mlango wa hekalu lao. Akasema hapana, ni kaburi la mwanamke. Tangu siku hiyo mimi nikamwita Bibi wa Jiwe, na Mwalimu, ambaye alilijua jina la bibi yule kamili na cheo chake kamili, naye akaanza kumwita hivyo.

Habari yake ni hii, nitaieleza kama nilivyoelezwa nikikatakata bamia. Zamani sana, karibu miaka elfu, Wanormani walivuka bahari kutoka upande wa Ufaransa wakaiteka nchi hii. Mfalme wao akawagawia rafiki zake ardhi kama mwenye shughuli anavyogawa pilau: wewe sinia hili, wewe lile. Mmoja wa rafiki hao alimwoa Bibi wa Jiwe. Wakatajirika, wakajenga nyumba ya watawa, bibi akafa katika uzazi, akazikwa humo. Watawa wakaandika kwamba alikuwa binti wa mfalme. Wasomi wengine wakasema uongo, watawa walitaka kuipandisha nyumba yao hadhi. Wengine wakasema kweli. Wakagombana, wakafa, wakazaliwa wengine wakagombana. Mwalimu akaingia ugomvini siku aliyostaafu, na hakutoka.

Nikamwambia, "Mwalimu, huu si umbea?"

"Umbea ni nini?"

"Kumsema mtu hayupo."

"Basi historia yote ni umbea, Mama Neema. Tofauti ni moja. Mmbea akiulizwa amesikia wapi, anasema 'kuna mtu'."

Yeye hakuwa na "kuna mtu". Alikuwa na makopo matatu ya biskuti, yale makubwa ya bati yanayouzwa wakati wa Krismasi. Juu ya kila kopo amebandika karatasi, ameandika kwa Kiswahili, kwa sababu alisema mwizi wa Kiingereza akiingia asijue aanzie wapi. La kwanza: NIMEONA. La pili: NIMESIKIA. La tatu: NATAMANI. Ndani mna vikadi, na kila kikadi neno moja kuhusu Bibi wa Jiwe. Alichokisoma mwenyewe katika hati ya wakati ule kinaingia la kwanza. Kilichosemwa na mtu baadaye, hata awe profesa mwenye ndevu mpaka magotini, kinaingia la pili. Na kile ambacho yeye mwenyewe anakipenda kiwe kweli kinaingia la tatu, na kifuniko kinabanwa kwa mpira.

"La tatu la nini sasa?" nilimwuliza. "Si ulitupe?"

"Ukitupa unachokitamani kitarudi kwa mlango wa nyuma kimevaa nguo za la kwanza. Kiweke ndani, ukijue, ukibane."

Katika kopo la tatu kulikuwa na baba. Bwana mmoja wa upande wa Ubelgiji, mtu wa maana kwao. Mwalimu alikuwa na hakika moyoni kwamba huyo ndiye baba wa Bibi wa Jiwe. Alikuwa na hakika kwa miaka thelathini. Lakini hakuwahi kumwona kwenye hati akimwita mwanawe, basi yule bwana aliketi miaka thelathini kizani, pamoja na harufu ya biskuti za tangawizi.

Usidhani alikuwa malaika wa ukweli. Daktari akimwuliza habari ya sukari, alisema kijiko kimoja, na mimi nimesimama nyuma yake nikijua ni vitatu. Alichukia wafalme wote, akawaita wezi wenye taji, na mfalme mpya alipotawazwa aliketi mbele ya televisheni tangu asubuhi, kibakuli cha chevda ya kutafuna mapajani, akilia. Nikamwuliza analia nini. "Ile ibada ni ya zamani sana," akasema. "Nyamaza, unanikosesha." Majani ya chai ya mfuko mmoja aliyatia vikombe vitatu. Jirani yake Msomali alipofiwa, alipeleka chakula cha watu arobaini, kisha akarudi kunigombeza kwa kuacha taa ya chooni ikiwaka. Hakula nyama maisha yake yote, lakini alinisimamia nikimkaangia samaki mjukuu wangu, akiniambia geuza, geuza, unaunguza. Hekaluni alikwenda kila wiki, na kila wiki aligombana na mtu juu ya maegesho ya magari, yeye ambaye hakuwa na gari.

Na alikuwa na maneno yake. Mtu akijivuna: "Huyo hata kivuli chake kimevaa tai." Mtu akichelewa: "Wanormani walivuka bahari na farasi wakafika, wewe unatoka Wembley." Mjukuu wangu mkubwa, anaelewa Kiswahili chote ila anajibu Kiingereza, alimwambia siku moja kwamba historia haina kazi. Mwalimu akamwuliza, "Jana ulikula nini?" Akajibu. "Nani alipika?" Akajibu. "Basi umeshafanya historia, na bado una shibe yake."

Sasa nieleze kosa langu.

Mwaka wa tatu wa kazi nilipangusa rafu nikayaangusha makopo yote matatu. Vikadi vikatawanyika sakafuni kama mchele wa harusi. Mwalimu amelala. Mimi kusoma najua, polepole, kidole chini ya neno. Nikapiga magoti nikaanza kuvirudisha. Vya kopo la kwanza vina alama ya kijani, vya pili bluu, vya tatu nyekundu, basi haikuwa kazi ngumu. Ila kimoja nilikishika nisikiachie. Kina alama ya bluu. Kimeandikwa: Watawa wanasema, binti wa mfalme.

Nikaketi nacho sakafuni.

Mimi sikuwa na baba. Niseme wazi, nina miaka sabini na moja na hakuna wa kunichapa. Mama yangu alinizaa nyumbani kwao, na aliyempa mimba hakujulikana au hakutajwa. Shuleni nilipoulizwa jina la baba, niliandikiwa la mjomba. Kwenye karatasi za kuingilia nchi hii limo hilo hilo. Mtu aliyekua na baba hajui maana yake kupewa baba, hata wa kuazima, hata wa karatasi. Nikafikiri, huyu maskini amelala chini ya jiwe miaka elfu na watu wanampokonya baba. Mfalme ana hasara gani? Si alikuwa na watoto wengi? Nikachukua kikadi kile nikakitia kopo la kwanza. NIMEONA. Nikafunga.

Siku mbili hazikupita. Nafika asubuhi, kikadi kiko mezani peke yake kama mshtakiwa.

"Mama Neema. Nani ameona?"

Nikajaribu kusema makopo yalianguka. Akangoja. Huyu mwanamke alifundisha watoto wakorofi wa mabara mawili, alijua kungoja. Basi nikamwaga yote, mama, mjomba, karatasi, mpaka pua ikawa inachuruzika.

Hakunikumbatia. Hakuwa wa hivyo. Akauliza, "Utotoni ulikula?"

"Nilikula."

"Nani alikulisha?"

"Mama. Na bibi yangu, mzaa mama."

"Uliwaona?"

"Mwalimu, maswali gani haya? Niliwaona, walinilea!"

Akachukua kikadi kitupu, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: Mama Neema wa Muheza. Alilishwa na mama yake na bibi yake. Akachora alama ya kijani, akakitia kopo la kwanza, mbele ya wafalme wote. Halafu akasema maharage yanaungua. Na kweli yalikuwa yanaungua.

Tangu hapo nilikuwa upande wake.

Turudi mwaka wa semolina. Mwalimu alikuwa amemaliza kitabu chake. Miaka thelathini katika kurasa mia mbili na kitu, zimefungwa kwa uzi wa katani. Na macho yake yalikuwa yanakwenda. Presha ya macho, daktari alisema, inakula taratibu na kilicholiwa hakirudi. Jicho la kulia lilikuwa limezimika, la kushoto limebaki na mwanga wa katikati. Mwalimu hakutaka pesa wala sifa. Alitaka kitu kimoja: kukishika kitabu hicho kimechapwa na kukiona kwa jicho lake kabla jicho halijafunga duka. Aliniambia hivyo mara moja, akinipa mgongo.

Aliyekuwa tayari kukichapa ni kamati ya kanisa la mji ule mdogo, kusini ya London, ambako jiwe liko. Wana fedha za kutengeneza maonyesho, wana mchapaji. Na wana Mwenyekiti. Bwana mrefu, tai ya kipepeo, sauti kama amemeza redio. Yeye anasema ni wa kizazi cha Bibi wa Jiwe, na sebuleni kwake, Mwalimu aliwahi kuuona, ametundika mti wa ukoo mkubwa kama shuka. Juu kabisa ya mti, mfalme. Mfalme akiondoka, yule bwana anabaki mtu wa kawaida mwenye tai.

Basi akaja, Jumamosi mchana. Kwa kuwa ni wakati wa korona, haruhusiwi kuingia. Akasimama bustanini kati ya waridi, barakoa usoni. Mwalimu amekaa dirishani, dirisha wazi, blanketi mabegani. Mimi nyuma yake na mwiko mkononi. Akasema kitabu ni kizuri sana, wote wamekipenda. Kuna jambo dogo tu. Sura ya mwisho. Mwalimu ameandika kwamba hakuna ushahidi wa baba. Kamati inaomba aandike kwamba alikuwa binti wa mfalme, kama watawa walivyosema. Bango la maonyesho limeshatengenezwa. Aweke sahihi leo, kitabu kitatoka baada ya wiki sita.

Wiki sita. Nilihesabu mimi, na najua Mwalimu alihesabu. Wiki sita jicho lingekuwa bado linaona.

Akamwuliza, "Una ushahidi?"

Akasema anao, barua ya askofu mkuu wa zama zile, inayosema wazi kwamba watoto wa Bibi wa Jiwe na watoto wa mfalme ni ndugu. Ndugu! Damu ya kifalme! Akaipunga fotokopi hewani.

"Niletee barua yote, si mstari mmoja," Mwalimu akasema. "Sahihi siweki."

"Mama mpendwa," yule bwana akasema, na nikaona mabega ya Mwalimu yakipanda, "amekufa karibu miaka elfu. Utamdhuru nani?"

Mwalimu akasimama. Alikuwa hasimami bila kushikwa, siku hiyo alisimama. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasa la watu hamsini, mpaka jirani Msomali akatoka kibarazani. Halafu akanigeukia mimi akasema tena kwa Kiswahili, ili niwe shahidi:

"Mimi simpi mtu baba asiye wake."

Akafunga dirisha. Mwenyekiti akabaki na waridi.

Jibu la kamati lilikuja kwa posta: hawatachapa. Mwalimu alinisomesha mimi barua ile, mara mbili, kisha akaomba chai. Nikatia vijiko vitatu bila kuulizwa. Akanywa akasema, "Kuna vinne humu?" Nikasema vitatu. Akasema siku kama hizi mtu anaweza kutia vinne.

Alidhoofika. Siku kadhaa hakufungua makopo. Lakini alikuwa ameiandikia maktaba fulani kuomba ile barua ya askofu, yote, na maktaba zilipoanza kujibu watu, ikafika. Kilatini. Akaikalia na kioo cha kukuzia, neno moja moja, analitafsiri kwa Kiswahili kwa sauti, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naandika kikadi. Yeye mistari ilikuwa inampotea. Siku mbili tukawa kwenye hiyo barua. Mimi huku naandika, huku nakoroga.

Ilihusu posa. Yule mfalme mtekaji alikuwa na mwana, mwana akawa mfalme baadaye. Huyo mwana alikuwa na binti, na alitaka kumwoza kwa mtoto wa kiume wa Bibi wa Jiwe. Akamwuliza askofu mkuu. Askofu akakataa: ndoa haifai, hawa ni ndugu. Akaeleza udugu wenyewe: upande mmoja vizazi vinne, upande wa pili vizazi sita.

"Kumbe Mwenyekiti ana haki," Mwalimu akasema kinyonge. "Ni ndugu."

Mimi nikaacha kukoroga.

Sasa, kwetu Muheza bibi yangu, huyo mzaa mama aliyenilisha, alikuwa ndiye anayeitwa kwenye posa. Kabla mahari haijatajwa, anakalishwa katikati, wazee wa pande zote wanamzunguka, anahesabu kwa pingili za vidole. Huyu mtoto wa nani, huyo wa nani, panda, panda. Pingili za mkono wa kulia ni ukoo wa mume, za kushoto ni wa mke. Akifika mahali vidole viwili vinakutana kwa mtu mmoja, anavigonganisha na anasimama hapo hapo. Nilikuwa nakaa miguuni pake nikimenya kunde, na jambo moja alilonizoeza ni hili: udugu unahesabiwa kutoka karibu. Ukiukuta mlangoni, huendi kuufukua makaburini.

"Mwalimu," nikasema, "huyo askofu ni mjinga?"

"Alikuwa mtu mwenye akili kuliko wote wa zama zake."

"Basi nipe mikono yako."

Nikauweka mwiko chini, nikamshika mikono. "Mkono huu bibi harusi. Baba yake nani? Mwana wa mfalme. Babu yake? Mfalme mtekaji. Pingili mbili. Mkono huu bwana harusi. Mama yake nani? Bibi wa Jiwe. Na kama Bibi wa Jiwe ni binti wa mfalme mtekaji, babu yake nani?"

Akakunja pingili moja, akakunja ya pili.

"Pingili mbili, Mwalimu! Mbili kwa mbili! Babu yao mmoja, watoto wa kaka na dada. Hata mlevi wa kilabuni angesema, 'Hawa ni ndugu, babu mmoja, nendeni nyumbani.' Askofu gani anauacha udugu uliokaa mlangoni anakwenda kuchimba babu wa babu wa babu, vinne huku, sita kule? Anachimba mbali kwa sababu karibu hakuna kitu!"

Mikono ya Mwalimu imo bado mikononi mwangu. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akacheka akakohoa, nikampiga mgongoni, akacheka tena. Mchuzi uliungua ukashika sufuria, sufuria ile niliitupa, na hakunigombeza, yeye ambaye aligombeza kwa taa ya chooni.

"Andika," akasema. "Alama ya kijani. Andika kwa herufi kubwa, Mama Neema. Kopo la kwanza."

Kurasa tano, alisema yeye, nikaandika mimi herufi kwa herufi kwa Kiingereza nisichokijua vizuri, akinitajia: tee, aich, ii. Tukapeleka kwa kamati. Wao, kwa kutaka kumzima, wakaipeleka kwa mtaalamu wa chuo kikuu. Mtaalamu akajibu kwamba mama huyu yuko sawa kabisa, na kwamba wapo wasomi wa zamani waliowahi kupita njia hiyo hiyo. Mwalimu aliposomewa hayo alitikisa kichwa kwa heshima, akaagiza waandikwe wote. Mimi sikujali. Wao walipita na vitabu, mimi nilipita na mwiko.

Bango likang'olewa. Kitabu kikachapwa na kamati ile ile, sura ya mwisho haikuguswa. Kilifika Neasden ndani ya sanduku, nami nikamfungulia. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki na tundu dogo, kama la ufunguo. Akakisogeza kitabu puani, akakipitisha taratibu, herufi baada ya herufi, mpaka jina lake likamalizika. "Nimeona," akasema. Kisha akaniambia nifungue ukurasa wa pili nisome. Nikaweka kidole chini ya neno. Iliandikwa kwa Kiswahili, mstari mmoja peke yake katikati ya karatasi nyeupe: Kwa Mama Neema, aliyehesabu.

Nakala yangu iko Barking, juu ya televisheni. Wageni wote wanaonyeshwa, hata fundi wa boila.

Mwalimu alifariki majira ya baridi yaliyopita, usingizini, akiwa na kofia yake. Lakini sitaki kumaliza hapo, maana hapo sipo alipoishia. Aliishia kanisani, miezi michache kabla, siku ya kufungua maonyesho.

Nilimsukuma mimi kwenye kiti cha magurudumu, sari ya kijani, raba mpya. Kanisa limejaa watu wa kofia. Jiwe lenyewe liko pale, jeusi, limelazwa. Nikampeleka karibu akalishika majani yake kwa vidole, na mimi nikalishika. Baridi kama pua ya mbwa. Pembeni bango jipya limefunikwa kitambaa. Mwenyekiti, na nimpe haki yake, alikuwa amekubali kushindwa kama muungwana. Mti wa ukoo, alituambia, ameushusha. Akasimama mbele akamsifu Mwalimu, watu wakapiga makofi. Halafu akamsogezea kipaza sauti.

Akasema, bango lina nafasi tupu. Mahali pa jina la baba. Nafasi tupu haipendezi, wageni watauliza. Akasema kila aliyesoma kitabu anajua Mwalimu anamwamini yule bwana wa Ubelgiji, ingawa humo ameandika kwamba ni dhana tu. Leo hakuna wa kubishana naye, mtaalamu yuko hapa, amekubali kunyamaza. Mwalimu amtaje tu. Fundi yupo, jina litaandikwa leo, na chini yake litaandikwa jina la Mwalimu, kwamba yeye ndiye aliyemgundua.

Mimi, nakiri, nilitaka aseme. Nikainama sikioni. "Mwalimu, mtaje. Umemtamani miaka thelathini."

Akanigeuzia uso. Jicho halikuniona, lakini lilinitazama.

"Yuko kopo lipi, Mama Neema?"

"La tatu."

Akakichukua kipaza sauti kwa mikono miwili. Hakusema Kiingereza, yeye aliyekijua kuliko wote waliokuwamo mle. Alisema Kiswahili, Kiswahili cha Tanga, sauti ya darasa la watu hamsini, ikagonga kuta za mawe ikarudi. Watu wa kofia wakatazamana. Mwenyekiti akatazama mtaalamu, mtaalamu akatazama dari. Kisha wote wakanigeukia mimi, mimi wa darasa la nne, mtoto wa mama yake na bibi yake.

Nikanyoosha mgongo nikachukua kipaza sauti. Nikawaambia nitasema kama alivyosema, bila kuongeza chumvi, kwanza kwa lugha yake, ndipo kwa yao. Mwalimu amesema:

"Mimi simpi mtu baba asiye wake."